Picha tupu nazo zina kazi: niliyojifunza kwa kutafuta asteroidi zenye mkia

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote, na walimu wenzangu na hata wazazi siku ya kikao, ni kama tumegundua chochote. Nafundisha fizikia sekondari hapa Mbeya, na klabu yetu ya sayansi imekuwa ikikagua picha za asteroidi, tukitafuta zile zinazotoa vumbi na kuota mkia kama nyotamkia. Zamani nilikuwa nawajibu "bado". Siku hizi nawaambia tumeona asteroidi nyingi mno zilizotulia, na kwamba hilo linanifurahisha. Wengi hudhani nalikwepa swali. Naandika hapa kwa sababu maelezo yake hayatoshi kutolewa mlangoni mwa ofisi ya walimu huku kengele inalia.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna Kimondo cha Mbozi jirani. Wanafunzi wangu wengi wamekwenda kukiona, wamekishika, wamepiga nacho picha: chuma kitupu, zaidi ya tani 10, kipande cha kiini cha asteroidi iliyovunjika zamani sana. Kwa hiyo akilini mwao asteroidi ni kitu kikavu, kizito, kisicho na uhai wowote. Vitabu vya shule navyo vinaipigilia msumari picha hiyo. Asteroidi ni mawe na chuma, zinazunguka kati ya Mirihi na Mshtarii. Nyotamkia ni barafu na vumbi, zinatoka mbali, huko Neptuni na kwingine mbali zaidi. Zikilisogelea Jua barafu inageuka mvuke, mvuke unabeba vumbi, mkia unatokea. Kwa mtihani mgawanyo huo unatosha. Kwa anga lenyewe hautoshi, na kitu kilichouvuruga kinaitwa 133P/Elst-Pizarro.

Kilipigwa picha mwaka 1979 kutoka Siding Spring, Australia, kikaorodheshwa kama asteroidi ya kawaida. Mwaka 1996 Eric Elst na Guido Pizarro wakakikuta, kwenye picha zilizopigwa La Silla nchini Chile, kikiwa na mkia mwembamba ulionyooka. Njia yake haikuwa ile ndefu ya nyotamkia inayotoka mbali, ikapita karibu na Jua na kutokomea tena. Kilikuwa mle mle ndani ya ukanda wa asteroidi, kikilizunguka Jua kila baada ya miaka 5.6, na hata kikilikaribia kabisa bado kiko mbali mara 2.6 ya umbali wetu sisi. Mwaka uliofuata mkia haukuwepo tena. Maelezo yaliyokuja haraka yalikuwa ya kugongwa: jiwe dogo limeipiga asteroidi, vumbi limeruka, limetawanyika, basi. Lakini mwaka 2002 Henry Hsieh na David Jewitt wa Chuo Kikuu cha Hawaii wakauona mkia tena, asteroidi ikiwa sehemu ile ile ya njia yake. Ukaonekana tena 2007, na tena 2013.

Niliichora historia hiyo ubaoni kama jedwali, mwaka upande mmoja na "mkia upo" au "hakuna" upande wa pili. Nilitaka wauone ule mfululizo wa kurudi. Binti mmoja wa kidato cha tatu, ambaye kwa kawaida hasemi mpaka aulizwe, akanyoosha mkono.

"Madam, mbona hizo 'hakuna' ndizo zinazotuambia?"

"Zinatuambia nini?"

"Kama mkia ungekuwepo siku zote, tungesema vumbi linamwagika tu. Sasa unazimika ikiwa mbali na Jua, unawaka ikiwa karibu. Bila hizo 'hakuna' tusingejua kwamba ni Jua."

Nimefundisha miaka mingi na bado naihesabu hiyo kuwa sentensi bora kuliko yoyote niliyowahi kuisikia darasani kwangu. Kugongwa hakuna ratiba. Kitu kinachowaka na kuzima kwa kufuata umbali wake na Jua kina barafu ndani. Barafu iliyo wazi haiwezi kudumu katika ukanda ule, lakini ikifunikwa na mita chache za vumbi na kokoto inaweza kukaa mabilioni ya miaka. Kitu kidogo kikiigonga asteroidi na kuchimbua shimo, barafu inachungulia, na kuanzia hapo kila ikilikaribia Jua inapumua. Na haya yote yamesimama juu ya picha ambazo mtu asiyejua angezitupa, kwa kuwa hazina kitu.

Hsieh mwenyewe alizipata nyingi za namna hiyo. Alifanya upekuzi wa makusudi, akielekeza darubini kwenye asteroidi 599, nyingi zikiwa za familia, yaani makundi ya asteroidi zilizotokana na mzazi mmoja, zilizofanana na ya 133P. Kati ya zote hizo, moja tu ndiyo iliyoonyesha mkia: ile inayoitwa sasa 176P, Novemba 2005. Mwezi mmoja kabla, Michael Read alikuwa amekigundua kingine, 238P, kwa darubini iliyoko Kitt Peak, Arizona. Mwaka 2006 Hsieh na Jewitt waliviweka vitatu hivyo pamoja wakasema tuna kundi jipya: nyotamkia za ukanda wa asteroidi. Nawaomba wanafunzi waitafakari namba hiyo, 599 kwa moja. Zile 598 hazikupotea bure. Ndizo zinazotuambia jambo hili ni adimu kiasi gani, na adimu haiwezi kupimwa na mtu anayeandika yale yaliyomfurahisha tu.

Sasa kuhusu kazi yetu wenyewe. Shule haina darubini. Tuna chumba cha kompyuta, Jumamosi, na bando ambalo wakati mwingine nanunua mwenyewe. Tuliingia kupitia mradi wa Active Asteroids, ulioanzishwa Agosti 31, 2021 na Colin Orion Chandler akiwa Chuo Kikuu cha Northern Arizona, kwenye Zooniverse, jukwaa la mtandaoni ambapo watu wa kawaida huwasaidia wanasayansi. Picha zake zinatoka kwenye Dark Energy Camera, kamera kubwa iliyofungwa kwenye darubini ya Blanco yenye kioo cha mita 4 huko Cerro Tololo, Chile. Kamera hiyo ilijengwa kwa ajili ya kuchunguza galaksi za mbali. Asteroidi zilipita tu mbele yake, na kwa kuwa picha zake zimewekwa wazi kwa umma, mtu yeyote aweza kuzirudia kwa swali jingine kabisa. Unaletewa kipande kidogo cha picha, asteroidi ikiwa katikati, imewekewa alama ya kijani, na swali moja: je, unaona mkia au ukungu unaotoka kwenye kitu hiki? Unajibu ndiyo au hapana, inakuja nyingine.

Wanafunzi wapya wote wanaanza kwa kuitamani ndiyo. Hiyo ni haki yao. Kwa hiyo mafunzo yangu siyaanzii kwenye mikia halisi. Naanza na vitu vinavyojifanya mkia, na hapo ndipo nimejifunza zaidi kuliko mahali pengine popote katika kazi hii.

Cha kwanza ni nyota zenyewe. Nyota kali mno inajaza kamera mwanga mpaka unamwagika kwa mstari ulionyooka, na mstari huo ukipita kwenye asteroidi unaonekana kama mkia mzuri kuliko wa kweli. Kingine ni chembe za nishati kubwa zitokazo angani: zinapiga kamera na kuacha mkwaruzo mwembamba, mkali, wenye kingo kali kuliko nyota yoyote kwenye picha. Mkia wa vumbi hauna kingo kali, unafifia. Halafu kuna mtikisiko wa darubini. Hapa kanuni yetu ni fupi na watoto wanaipenda: kama anga zima lina mikia, hakuna mkia. Unaangalia nyota za jirani kwanza, ukikuta zote zimevutika kuelekea upande ule ule, jibu ni hapana. Na asteroidi yenyewe inatembea wakati kamera iko wazi, hivyo inaweza kuchora kistari badala ya nukta. Kistari hicho hutoka pande zote mbili sawasawa, wakati mkia wa kweli una mwanzo na una mwisho.

Mgumu kuliko wote ni galaksi. Iko picha moja ambayo naitumia mpaka leo. Katikati kuna nukta nyeupe, imara, ya duara. Kutoka kwenye nukta hiyo kunatoka unywele wa mwanga kuelekea juu kulia, mrefu kama mara tatu ya upana wa nukta, hafifu, unafifia vizuri kabisa kama kitabu kinavyosema. Nyota za jirani zote ni duara, hivyo darubini haikutikisika. Mkwaruzo hauna kingo kali. Kompyuta ile ilizungukwa na klabu nzima, wengine wamesimama juu ya viti. Nikawaambia wakuze picha, wafuate mstari wa katikati wa ule unywele kwa kidole mpaka kwenye nukta. Walipoufuata waligundua kwamba haupiti katikati ya nukta. Unapita pembeni kidogo, na upande wa pili, chini kushoto, unachomoza tena, mfupi, hafifu kuliko wa juu, karibu kumezwa na mwanga wa nukta yenyewe. Ilikuwa galaksi ya mbali iliyolala ubavu, na asteroidi ilikuwa imekatiza mbele yake bila kuwa katikati yake. Tukabonyeza hapana. Kijana mmoja akasema, "Madam, hapana hii imetutoa jasho kuliko ndiyo." Ni kweli, na hapana ya namna hiyo ina thamani yake.

Kwa wale wanaotaka kwenda mbele zaidi, upo uhakiki mwingine ambao hauhitaji fedha. Mwanga wa Jua unasukuma vumbi jepesi kuelekea upande ulio kinyume na Jua, na vumbi zito hubaki nyuma kwenye njia iliyopitiwa na asteroidi. Kwa hiyo mkia wa kweli kwa kawaida hulala kwenye mojawapo ya pande hizo mbili, au katikati yake. Mfumo wa Horizons wa maabara ya JPL ya Marekani, ambao uko wazi kwa kila mtu, unakupa pembe zote mbili kwa tarehe unayoitaka. Mkia unaoelekea kwenye Jua lenyewe unastahili kutiliwa shaka sana. Na kituo cha data za astronomia cha Kanada kina huduma ambapo unaandika jina la asteroidi, unapata orodha ya picha za zamani kutoka darubini mbalimbali ambamo huenda ilinaswa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ghala la picha za zamani ni chombo cha kisayansi sawa na kioo cha darubini.

Mfano unaonigusa ni wa asteroidi 6478 Gault. Carolyn na Eugene Shoemaker waliigundua mwaka 1988, na kwa miaka 30 haikuwa na habari. Januari 2019 ikaonekana na mkia, kisha mkia wa pili. Dunia nzima ya watu wa asteroidi ikageuza darubini kuitazama. Chandler na wenzake wao wakageukia ghala. Wakakuta Gault ikiwa na mkia kwenye picha za miaka iliyotangulia, kuanzia 2013, picha ambazo zilikuwa zimekaa hapo kwa miaka sita. Na mikia hiyo haikujali umbali wa Jua. Ilitokea hata ikiwa mbali. Kwa jedwali letu la ubaoni, hiyo ni safu tofauti kabisa na ya 133P, na inaelekeza kwingine. Gault inajizungusha kwa saa mbili na nusu hivi. Kwa kasi hiyo mvutano wake mdogo unashindwa kulishikilia vumbi la juu, nalo linachomoka kama tope kwenye gurudumu la baiskeli. Kinachoongeza kasi ni mwanga wa Jua tu: joto linalotoka kwenye miamba isiyolingana linaisukuma asteroidi kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka. Ndugu yake katika tabia hiyo ni 311P, ambayo darubini ya Hubble iliipiga picha Septemba 2013 ikiwa na mikia sita kwa wakati mmoja, kila mmoja ukiwa ni vumbi lililotoka kwa tarehe yake.

Halafu iko 596 Scheila, kubwa, upana wa kilomita zaidi ya 100, inayojulikana tangu 1906. Zaidi ya karne nzima ya utulivu, kisha Desemba 2010 ikaonekana imezungukwa na vumbi lililopinda, na baada ya muda mfupi likatoweka. Hakuna gesi iliyoonekana. Hii ndiyo iliyogongwa kweli, na kitu cha upana wa mita 35 hivi kwa makadirio ya waliochunguza. Tunajua ni ajali kwa sababu ya ile karne ya kimya kabla yake.

Kugongwa tumekuja kukuona kwa macho. Septemba 26, 2022 chombo cha DART cha NASA kiligonga Dimorphos kwa makusudi, na asteroidi hiyo ikaota mkia wa vumbi wa maelfu ya kilomita. Kwa saa za kwetu ilikuwa saa 8:14 usiku wa kuamkia tarehe 27, na upande huu wa dunia ndio uliokuwa na giza. Miongoni mwa waliourekodi mwanga ule ukipanda ni watu wenye darubini ndogo za kioo kisichofika sentimita 12, kutoka Nairobi na kisiwa cha Réunion, na vipimo vyao vikaingia kwenye jarida la Nature. Hilo nalisema kila muhula. Watoto wakae wakijua kwamba Nairobi iko ndani ya habari hii.

Ushahidi wa moja kwa moja wa barafu ulichelewa. Kwa miaka mingi darubini kubwa zilitafuta gesi kwenye asteroidi hizi na kurudi bila kitu. Vumbi lilionekana, mvuke haukuonekana. Septemba 2022 darubini ya James Webb ikaelekezwa kwenye 238P, ile ya Read, ikiwa imetoka kulikaribia Jua miezi michache kabla. Ikaona mvuke wa maji. Matokeo yalitoka Mei 2023, miaka 27 tangu mkia wa Elst na Pizarro. Lakini kilichonikalisha na kunifikirisha ni kile ambacho Webb haikukiona: kaboni dioksidi. Kwenye nyotamkia za kawaida gesi hiyo ipo. Kwenye 238P, hakuna. Ama iliwahi kuwa nayo, ikatoroka kwa sababu ukanda wa asteroidi una joto kuliko makao ya nyotamkia za mbali, ama ilizaliwa mahali ambapo haikuwepo tangu mwanzo. Mtu anayetaka kujua maji ya bahari zetu yalifikaje hapa Duniani lazima apite kwenye swali hilo. Na limeletwa na mstari wa grafu ambao haukupanda.

Ripoti ya kwanza kubwa ya Active Asteroids ilitoka 2024. Watu wa kujitolea wapatao 8,300 walikuwa wamekagua picha 430,000 hivi. Kilichopatikana ni asteroidi 15 ambazo utendaji wake, yaani kutoa vumbi au gesi, haukujulikana, pamoja na kitu kimoja cha kundi la Centaur, vile vinavyolizunguka Jua kati ya Mshtarii na Neptuni. Kati ya hizo 15, nyingi zilipochambuliwa njia zake zilionekana kuwa na uhusiano na Mshtarii. Zilizobaki kuwa asteroidi tendaji ni nne, na kati ya nne, moja ndiyo iliyothibitika kuwa nyotamkia ya ukanda. Niliwasomea wanafunzi namba hizo polepole, nikiogopa kwamba watavunjika moyo. Walishangilia. Walikuwa wameshaelewa kwamba wao ni sehemu ya zile laki nne.

Nasema hili nikiwa namaanisha: tunawafundisha vibaya sayansi watoto wetu pale ambapo jaribio la maabara linapewa alama likitoa jibu la kitabuni pekee. Mwanafunzi anayeandika kwa uaminifu kwamba hakuona kitu, akaeleza alitazama wapi, lini, na kwa nini anaamini kwamba kingekuwepo angekiona, amefanya kazi kamili. Mimi nimeanza kumpa alama zote. Nimepata maswali kutoka juu kuhusu hilo na nimeyajibu.

Klabu yetu sasa ina daftari kubwa la mistari. Kila asteroidi tuliyoamua kuifuatilia ina ukurasa wake: tarehe za picha za zamani, umbali wake na Jua siku hiyo, na kama mkia upo au haupo. Nyingi tumezichagua kutoka familia ya Themis, alikotoka 133P, na tumezipanga kwa kufuata mwaka ambao kila moja italikaribia Jua. Kurasa karibu zote zimeandikwa "hakuna" kutoka juu mpaka chini. Kule Cerro Pachón, Chile, kituo cha Vera Rubin chenye kioo cha mita 8.4 kilitoa picha zake za kwanza Juni 2025, na katika saa kumi hivi za kutazama kilikuwa kimekwisha kuzipata asteroidi mpya 2,104. Picha zitakuwa nyingi kuliko macho, na wanafunzi wameanza kubishana ni kurasa zipi ziongezwe kwanza. 238P itarudi karibu na Jua mwaka 2028. Waliopo kidato cha pili sasa watakuwa wamemaliza shule, na wamekwisha kuniomba kila mmoja aondoke na nakala ya ukurasa wake, ili akautazame mwenyewe huko atakakokuwa.